Bakuli la Bi Time na Posa ya Mamdogo Saumu

Enzi zetu, na usinicheke kwa kuwa nina miaka ishirini na tisa tu, enzi zetu samaki wa kuokwa alikuwa anakwenda mdomoni. Nalisema hili kwa hasira. Juzi nimekaa zangu, mdogo ananyonya, mkubwa ananivuta dera anataka chipsi, nafungua simu nakutana na binti mmoja, kucha kama makasia, anafundisha watu kuoka samaki wa majira ya vuli. Kawasha mishumaa mchana. Kajifunika blanketi. Mezani! Samaki mwenyewe kipande kama sabuni ya gesti, kakilaza kwenye sahani ya mraba, kakitia jani moja juu, akakitazama, akakipiga picha, video ikaisha. Hakula. Nikaitupa simu kitandani, mtoto akaacha ziwa akaanza kulia, na mimi nikasema leo naandika.

Nawaandikia wenzangu tuliokwenda shule na kidumu cha maji mkono mmoja, fagio la chelewa mkono wa pili, na daftari limechomekwa kwenye sketi kama bastola. Nyie mnaijua vuli ya Tanga. Mvua inakuja mchana bila hodi, inapiga mabati mpaka mwalimu anaacha kufundisha anabaki kututazama tu, na ikishaondoka inatuachia ile baridi yetu ambayo Mshambaa akishuka kutoka Lushoto akaikuta anavua koti. Lakini sisi tulitetemeka kwa dhati. Tulilala na masweta ya shule. Nyumba nzima ilihamia jikoni kwa Bibi, kwa sababu vuli ndiyo ilikuwa miezi ya samaki wa kupalia, makaa juu, makaa chini.

Bibi yangu, mtu wa Tongoni aliyeolewa Nguvumali, hakuwa na oveni. Alikuwa na jiko la mkaa, sufuria nyeusi isiyo na masikio, na mfuniko. Mfuniko ndio ulikuwa mali. Kilikuwa kibao cha bati cha kinyozi, sijui alikipata wapi na hakuna aliyethubutu kumuuliza, kimechorwa kichwa cha kijana mwenye panki. Makaa machache chini ya sufuria, makaa mengi juu ya kichwa cha yule kijana. Ndani mna changu mzima amelazwa kwenye tui la kwanza, ukwaju, kitunguu thomu, tangawizi, na pilipili mbuzi moja ambayo haijapasuliwa, ya kunusisha tu. Chini tui linatokota, juu linakauka linakuwa ngozi ya kahawia, na pembeni linashika ukoko ambao tuliugombania kwa meno. Kila vuli yule kijana alipungua nywele. Nilipoanza darasa la kwanza alikuwa na panki. Nilipofika la nne alikuwa na kipara na jicho moja. Tukimuuliza Bibi, anasema, "Nanyi mtafika huko."

Na sisi watoto tulipika vyetu uani, samaki wa udongo ndani ya kifuu, kipande cha bati juu, makaa ya kuiba. Siku moja tukamla. Udongo, ndiyo. Alikuwa ameiva vizuri, tukaona haya kumwaga. Mtoto wa siku hizi ukimpa changu mwenye kichwa anakwambia, "Mama, ananiangalia." Akuangalie! Ameshakufa, ana kazi gani nyingine?

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ninachotaka kueleza kilitokea vuli ile nikiwa darasa la nne, na bila kujua sheria za vyombo mtadhani nyumba yetu ilikuwa ya vichaa.

Sheria ya kwanza mnaijua wote. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Sheria ya pili ilikuwa ya kwetu, sijui kama na kwenu ilikuwapo. Posa haijibiwi huku chombo cha walioleta posa kiko jikoni mwako, wala siku ileile ambayo chakula chako kimeingia kwao. Babu alikuwa akieleza hivi: "Ukisema ndiyo na samaki wao yuko tumboni, aliyesema ndiyo ni samaki." Kwa hiyo watu wenye akili zao wakileta posa hawaleti chakula. Wanaleta barua, wanakunywa kahawa, wanaondoka.

Bi Time akaleta barua na samaki.

Bi Time alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mtaro, Mpemba, mwanamke wa karafuu. Alizitia kwenye chai, kwenye pilau, kwenye maji ya kuogea, na nadhani hata kwenye betri za redio. Mwanawe Bakari alimpenda Mamdogo Saumu, mdogo wake mama, na Mamdogo alimpenda Bakari mpaka akawa anakamua nazi iliyokwisha kukamuliwa jana. Bakari alikuwa amepata kazi ya upishi kwenye hoteli moja ya ufukweni kule Ushongo. Walimwambia wazi: mwenye mke anapewa chumba, kapera analala stoo pamoja na maboya. Alibakiwa na wiki mbili aondoke. Na Bi Time alishautangazia mtaa kwamba mwanawe halali na maboya. Likikosekana jibu la kwa Saumu ndani ya wiki mbili hizo, kijana atavushwa Pemba, kuna binti wa mjomba wake huko, na wale hawana mlolongo.

Wiki mbili. Na jibu la ndiyo lilikuwa tayari, Babu alikuwa nalo mdomoni limekaa kama tambuu. Lakini siku ya posa mvua ilikuwa inanyesha, Bi Time akaona haya kuingia nyumba ya watu mikono mitupu kwenye baridi ile, akabeba bakuli lake la kauri lenye mfuniko na maua ya bluu, ndani kolekole wa kupalia mwenye karafuu kama misumari ya bati. Bibi alilitazama lile bakuli kama aliyeletewa nyoka.

"Time," akasema, "umetufunga mdomo."

Bi Time akajipiga paji la uso. Lakini chakula kikishavuka kizingiti hakirudi nyuma. Bibi akamtuliza: kesho bakuli litarudi na kitu chake, keshokutwa jibu litafuata. Mamdogo Saumu akaingia chumbani nikamsikia anacheka peke yake.

Kesho yake Bibi akapalia changu. Mimi ndiye niliyetumwa. Nikavuka mtaro kwenye ule ubao, "Hodi Bi Time, shikamoo, Bibi anasalimu, anasema ahsante." Bi Time akaitikia marahaba, akafunua bakuli, akampima changu kwa shubiri.

"Mkubwa kuliko wangu," akasema.

Ningekuwa na akili ningeanza kulia palepale. Kwa Bi Time hilo halikuwa zawadi, ilikuwa aibu. Upande wa mume unalishwaje na upande wa mke kabla ya ndoa? Watu si watasema kijana kaja kuoa ashibe? Asubuhi yake lile bakuli likarudi kwetu, limejaa ngisi waliojazwa wali na kuokwa. Chombo chao kikawa tena jikoni kwetu. Babu akalimeza jibu lake.

Basi hapo ndipo wale wanawake wawili walipoingiwa na wazimu. Bibi akajibu kwa kaa, wamerudishwa ndani ya magamba yao na kufunikwa kwa mkate wa boflo uliosagwa. Bi Time akaleta pweza. Bibi akapeleka samaki taa wa viazi. Kila siku bakuli lilikwenda likarudi, na mimi katikati na salamu zangu, maana halikuwahi kuvuka bila maneno.

"Mwambie Bibi yako taa alikuwa mzuri," Bi Time aliniambia, "ila maskini alikufa na kiu."

Nikafikisha. Bibi alikuwa anakuna nazi, hakuinua uso. "Mwambie Bi Time na ngisi wake tumemshukuru. Babu yako bado anamtafuna. Akimaliza atakuja mwenyewe kusema ahsante."

Na kweli Babu alikuwa bado anamtafuna. Siku ya nne.

Bi Time alipoona mkaa haumtoshi, akakumbuka kwamba ana oveni ya gesi. Kaka yake alimletea kutoka Unguja miaka mingi nyuma, na kwa kuwa ina mlango na rafu alikuwa anawekea kanga. Akazitoa zote akazirundika kwenye kitanda cha Bakari, kijana wa watu akawa analala juu ya kilima. Kanga moja ilisahaulika ndani. Pweza wa pili alipokuja alikuwa na kipande cheusi pembeni, Babu akakitafuna akidhani ni mkia. Hatukumwambia pweza hana mkia. Mzee alishakuwa na mengi.

Nyumba ikaacha kazi nyingine zote. Nguo hazikufuliwa. Sweta langu la shule lilinuka tui na ukwaju mpaka paka wa Nguvumali wakawa wananisindikiza asubuhi, mstari mzima, wanasimama pembeni wakati wa gwaride. Mwalimu wa zamu akaniuliza hawa ni wa nani. Nikamwambia, "Wa posa, Mwalimu." Akanichapa viwili, kimoja cha paka, kimoja cha posa.

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo. Mamdogo Saumu akaanza kukonda katikati ya chakula chote kile. Akampigia Bibi magoti karibu na jiko.

"Mama, weka ndizi mbili tu ndani ya bakuli, lirudi, yaishe."

"Ndizi?" Bibi akasema. "Unataka waseme tumefulia?"

"Waseme, mradi niolewe."

"Uolewe na aibu? Utailaza wapi, kwenye maboya?"

Lakini usiku ule nadhani Bibi alifikiri, maana kesho yake akajaribu kushindwa. Alichukua papa mkavu, yule wa kunuka hasa, akamfunga ndani ya donge la maandazi lenye sukari na iliki, akampalia. Kitu kile kilipoiva kilitoa harufu ya harusi na ya msiba kwa pamoja. Alikusudia Bi Time akionja acheke, aseme huyu mzee kachoka, asirudishe kitu. Nikapeleka nikiwa nimeziba pua kwa bega. Bi Time akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena.

"Mwambie Bibi yako nimemwelewa," akasema. "Sasa anataka twende kwenye vikavu na vitamu."

Usiniulize kilichorudi. Nitasema tu kwamba kilikuwa na dagaa, na kilikuwa na zabibu.

Kwa upande wao Bakari naye alijaribu. Mamdogo alininong'oneza, "Mwambie Bakari aunguze, mama yake akose cha kuleta." Nikafikisha. Bakari, mpishi wa hoteli, akaacha kamba waungue mpaka wakawa vipande vya kalamu. Mama yake akamshika sikio mbele yangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, akamzungusha jikoni. "Wazungu watakula mkaa wako huko Ushongo, wana dawa zao! Hapa unanitia aibu kwa wakwe!" Kamba wakaokwa upya.

Ikafika Jumamosi ya wiki ya pili. Kesho yake asubuhi Bakari alikuwa anapanda basi, begi limeshafungwa, na mama yake alishapiga simu Pemba mchana kuwaambia wasafishe ua. Bakuli lilikuwa kwetu. Bibi alikuwa anaoka mkate wa kamba: unga wa mchele, tui, hamira, kamba wabichi waliokatwa, kitunguu na bizari, umemiminwa kwenye sufuria, makaa juu ya yule kijana wa kinyozi ambaye sasa hata jicho hakuwa nalo. Nikiri, kilikuwa chakula kizuri kuliko vyote alivyowahi kupika. Umefura, umepasuka katikati, kamba wanachungulia. Mvua ikawa inanyunya, si ya kulowanisha, ya kukera tu. Bibi akaugeuza ndani ya bakuli la maua ya bluu akanikabidhi. Machozi yalikuwa yanamtoka akasema ni moshi.

Kila mtu alijua hesabu. Nikilifikisha bakuli, Bi Time atalijaza, litakuwa limerudi kabla ya magharibi, Babu hatasema kitu, na asubuhi basi litaondoka.

Nilikuwa nimefika katikati ya ubao pale mtaroni nikasikia miguu nyuma yangu. Mamdogo Saumu, kichwa hakijafunikwa vizuri, kandambili moja. Akanipokonya bakuli, akarudi upande wetu wa mtaro, akakaa kwenye baraza la duka lililofungwa, hadharani, mtaa mzima unaona. Akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Bakari! Njoo ule!"

Jamani. Binti wa watu, hajaolewa, anamwita mwanamume barazani wale sahani moja! Madirisha yakafunguka. Muuza samaki wa baiskeli, yule wa kupiga honi ya mpira kutoka Sahare, alisimama katikati ya njia akasahau honi imebanwa mkononi, ikawa inalia tu. Bakari akatoka kwao na aproni. Akautazama mkate, akamtazama Saumu, akaosha mikono kwa maji ya mvua yanayotiririka kwenye bati. Akakaa.

Wakala. Walikula kama watu walioajiriwa. Mamdogo anamega, Bakari anamega, anaposhindwa mmoja mwingine anampa moyo kwa kichwa. Nilikuwa nimesimama nalowa nikiwahesabia matonge na roho inaniuma, kwa kuwa hata ukoko hawakuniachia. Bibi alitokea mlangoni akapiga yowe. Bi Time akatokea kwake akapiga la kwake. Wale waliendelea kumega.

Walipomaliza, Mamdogo Saumu akalisuuza bakuli palepale kwa mvua, akavuka ubao, akampa Bi Time kwa mikono miwili, amepiga goti.

Bi Time akafunua. "Kitupu?"

"Kitupu, Mama. Kilichokuwamo kimeliwa na mwanao na mimi. Sasa nambie nani amemlisha nani."

Hata honi ikaacha. Bi Time akaliangalia bakuli, akalipindua chini juu, nadhani alitafuta hata karafuu moja ya kujitetea nayo. Hakukuwa na kitu. Chombo chake kiko kwake, chakula chetu hakiko kwake. Jikoni kwetu hakuna cha mtu.

Babu akatoka barazani na kofia yake. "Ndiyo," akasema, kwa kasi, kama mtu anayewahi kabla mlango haujafungwa. "Posa imekubaliwa. Ndiyo. Time, usithubutu kuingia jikoni!"

Bi Time akakaa chini pale pale kizingitini na bakuli kifuani. Bibi akavuka ubao, na alikuwa hajauvuka wiki mbili nzima, akakaa karibu naye. Nilidhani watapigana. Bi Time akamuuliza, "Ule papa wa maandazi, iliki ulitia ngapi?" Bibi akacheka mpaka akamwegemea.

Ndoa ilifungwa usiku uleule baada ya isha, mashahidi bado wananuka kamba, na asubuhi wale wawili walipanda basi la Pangani kwenda kukaa kwenye chumba chenye mlango. Hatukuwapikia chochote cha njiani. Hakuna aliyethubutu.

Bibi na Bi Time wote wameshatangulia, Mungu awarehemu. Mamdogo yupo Ushongo bado, ana watoto wanne na tumbo la kuheshimika. Na mimi niliolewa miaka saba iliyopita, hapa hapa Tanga, na nitawaambia posa yangu ilivyokuwa. Mume wangu alimwandikia baba ujumbe kwenye simu. Baba akajibu kwa kidole gumba. Kile cha njano. Basi. Kamati ikaundwa kwenye kundi la simu, ikachagua rangi ya sare, ikavunjika, na mama mkwe wangu nilimwona mara ya pili ukumbini. Anakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Hatujagombana hata siku moja. Tungegombania nini? Hajawahi kuniletea kitu, halafu akaumia roho kuwa nilichorudisha ni kikubwa kuliko chake. Mpaka leo sijui anapenda chumvi kiasi gani.

Jana mvua ilianza saa tisa. Nikapalia changu, kwenye oveni ya umeme, nakiri, umeme ukakatika nikamalizia kwa mkaa. Nikatia nusu kwenye bakuli nikampa binti yangu wa miaka sita nikamwambia mpelekee Bibi yako, umwambie shikamoo, usimwage tui. Akalitazama bakuli, akanitazama mimi, akaniuliza kwa adabu kabisa, yule mtoto ana adabu sitaki kumsingizia: "Mama, kwani Bibi ametuomba?"

Nilitaka kumzaba. Nikabeba bakuli mwenyewe, mdogo mgongoni, mkubwa ameshika dera, tukatoka kwenye mvua. Tulipita nyumba zote zile, kuta zimepanda, mageti yamefungwa, na ndani ya kila ukuta kila mtu ananusa cha kwake. Nilipofika nikagonga geti la mama mkwe kwa goti, maana mikono ilikuwa imejaa. Akachungulia kwenye kile kitundu.

"Kuna nini?" akauliza. Alikuwa ameogopa. "Nani amefariki?"